Maji ya Kisima, Maji ya Mvua na Chai ya Mgeni

Kazi yangu ni kukata korosho. Msimu ukifunguliwa, kuanzia Oktoba hadi mizigo iishe, nashinda kwenye chumba cha sampuli cha ghala moja hapa Mtwara, mbele yangu mzani, mkasi wa kukatia na sinia. Nachota kilo moja ya sampuli, nahesabu punje, nazipasua moja moja, kisha natenga: nzima huku, zenye madoa huku, zilizooza na tupu kule. Kiini kizuri kinapimwa, hesabu inageuzwa kuwa ratili kwa gunia la kilo 80, na namba hiyo ndiyo mnunuzi anayoiangalia kabla hajatia bei mnadani. Mwaka wa tisa huu. Macho yangu nayaamini, vidole navyo, na pua pia, maana korosho iliyoanza kuota ukungu naijua kabla gunia halijafunguliwa vizuri. Ulimi sikuwahi kuufikiria kabisa.

Msimu uliopita alikuja mkaguzi mmoja kutoka Vietnam, mzee mpole asiyezungumza sana. Vietnam na India ndizo zinazonunua sehemu kubwa ya korosho ghafi yetu, kwa hiyo wageni wa namna hiyo tumewazoea. Huyu alikuwa na jambo lake. Saa nne, sisi tunapoletewa chai ya maziwa na chapati, yeye anatoa chupa ya maji ya moto na glasi ndogo, anadondosha vipunje vya kijani, anamimina maji, anasubiri kidogo. Kinachotoka kina rangi ya juisi ya muwa iliyochujwa mara mbili. Anakunywa, kisha anamimina maji mengine juu ya majani yale yale, na mengine tena, mpaka alasiri. Nilidhani anabana matumizi. Moyoni nilimwonea huruma, mtu katoka mbali vile halafu anarudiarudia majani.

Siku anaondoka alinipa pakiti ya gramu 100, imefyonzwa hewa mpaka imekuwa ngumu kama tofali. Kwa mdomo wa mkalimani wake aliniambia ni chai ya Bảo Lộc, kwenye nyanda za juu za mkoa wa Lâm Đồng, na mmea wake wanauita Kim Tuyên. Akasisitiza, mkalimani akarudia mara mbili: sukari usitie, maziwa usitie, na maji yawe mazuri. La sukari na maziwa nililisikia. La maji lilipita.

Naishi Mikindani na bibi yangu, mzaa mama. Jioni ile nilipoingia na kutoa shikamoo, aliitikia, "Marahaba mke mwenzangu, leo umeniletea nini?" Nikampa pakiti. Akaikata kwa kisu, akamimina vipunje kiganjani. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa kunde, kijani kilichokolea, kimejikunja mpaka huoni jani linaanzia wapi. Akavisikilizia pua muda mrefu, akasema, "Hii ina harufu ya nyumba ya bi harusi." Mimi sikusikia kitu. Vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua ngozi na hayatoki kwa sabuni ya kawaida, na kwa kuwa nilishika vipunje kabla ya kunusa, nilichokinusa ni mimi mwenyewe.

Nikaipika kama tunavyopika chai. Sufuria kwenye jiko la mkaa, vijiko viwili vilivyojaa, kipande cha tangawizi kilichopondwa, dakika kumi za moto. Na sukari nikatia, kwa sababu nilidhani agizo la mzee ni mazoea ya kwao tu. Nilipofunua mfuniko, majani yalikuwa yamejaa sufuria kama mchicha. Kwenye kikombe mlikuwa na tangawizi na sukari juu, na chini yake uchungu uliokaza ufizi. Bibi alikunywa nusu kwa adabu, akauliza, "Hii dawa inatibu nini?"

Nilimtumia mkalimani ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, kuuliza kama chai yenyewe ni nzima. Jibu lilikuja kesho yake, refu, na ninalishukuru mpaka leo, maana badala ya kunicheka mzee alinieleza jani linavyotengenezwa.

Mmea ni ule ule wa chai tunaoujua, ule wa Mufindi, Njombe, Rungwe na Lushoto. Linalotofautisha ni kile jani linachofanyiwa baada ya kuchumwa. Kata bilinganya uiache mezani: nyama yake inageuka kahawia kwa sababu maji yake yamekutana na hewa. Jani la chai lina tabia hiyo hiyo. Chai yetu nyingi ya dukani hukatwa, huchanwa na kuviringwa na mashine mpaka majimaji yote yatoke, kisha huachwa igeuke kahawia mpaka mwisho. Watu huita kuchachua, ingawa hapo hakuna chachu wala hamira, ni oksijeni tu. Ndiyo maana punje zake ndogo hutoa rangi dakika ile ile na kustahimili maziwa, sukari na tangawizi bila kupotea. Ni chai iliyotengenezwa ibebe vitu, na inavibeba vizuri sana.

Chai hii ya mzee, oolong ya kijani kama wanavyoiita, husimamishwa njiani. Jani huchumwa likiwa limekomaa kiasi, likiwa bado kwenye kikonyo na wenzake. Husinyaa juani kwa muda, huingizwa kivulini, kisha hurushwarushwa kwenye pipa la mianzi linalozunguka ili kingo zake zichubuke kidogo. Ni kingo tu, katikati hubaki kijani. Linapumzishwa, linarushwa tena, na katika saa hizo harufu ya majani mabichi inageuka kuwa harufu ya maua. Hapo mtengenezaji hana budi kuamua. Akiona imefika, jani linatiwa kwenye moto mkali, na safari ya kwenda kahawia inakatwa. Kwa oolong nyepesi safari hiyo hukatwa ikiwa imefika kama asilimia 10 hadi 30. Kisha jani hufungwa kwenye kitambaa, huviringwa, hufunguliwa na kufungwa tena mara nyingi mpaka liwe kipunje, ndipo hukaushwa.

Nilisikiliza ujumbe ule mara tatu. Uamuzi ule wa kusema "hapa ndipo, sasa basi" naujua kwa upande wangu: gunia liko kwenye mpaka wa daraja, na saa ya mnada inakaribia. Nikaona aibu kwa tangawizi.

Mara ya pili nilijipanga. Nilipima gramu 5 kwa mzani wa kazini, nikazifunga kwenye karatasi. Mikono nikaisugua kwa limao na majivu. Chombo maalumu chenye mfuniko sina, nikachukua kikombe cha kahawa cha bibi, kinachoingiza kama mililita 100, na kisahani chake kikawa mfuniko. Maji yakachemka, nikayaacha yatulie kidogo. Huku pwani tupo usawa wa bahari, maji yanafika nyuzi 100 kamili ndipo yachemke, tofauti na Mufindi kule juu ambako huchemka kabla ya kufika hapo. Kwa chai hii nyuzi 90 hadi 95 zinatosha. Nikamimina, nikahesabu mpaka thelathini, nikamiminia kwenye kikombe kingine.

Ilikuwa imepooza. Hakuna uchungu tena, lakini hakukuwa na kingine cha kuushika mahali pake. Rangi ilikuwa na ukungu, na juu kulikuwa na utando mwembamba. Nilipoinamisha kikombe utando ule ukapasukapasuka vipande, kama tope la chumvi likikauka. Harufu ya maua niliyoahidiwa ilikuwa mbali, kama mtu anayesema nyuma ya ukuta. Nikasema basi, nitampa jirani.

Kilichonizuia ni sufuria. Nilikuwa naiosha, nikapitisha kucha kwenye magamba meupe yaliyoganda ndani, yale ambayo tunayo kwenye kila birika la nyumba hii tangu nizaliwe. Maji tunayotumia ni ya kisima cha jirani, kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Ni maji masafi, yamelea watu wengi, lakini yamebeba chokaa, na mara moja moja yanakuwa na ladha ya chumvi. Sabuni haitoi povu kwayo. Chai ya rangi ya kwetu hatukuwahi kuona ikidhurika kwa sababu ina nguvu na tunaitia sukari. Chokaa ile ndiyo inayoshikana na vitu vya kwenye jani na kutengeneza utando. Hapo ndipo maneno ya mzee yaliponirudia: maji yawe mazuri.

Mvua za kwetu huanza kwa kusuasua mwishoni mwa Novemba na kushika Desemba. Nikangoja. Mvua ya kwanza niliiacha ioshe vumbi na mavi ya ndege kwenye bati, ya pili pia, ya tatu ndiyo nikaikinga kwenye ndoo yenye kitambaa, nikaichemsha.

Ilikuwa Jumapili, ghala limefungwa. Bibi alikaa kwenye kibaraza juu ya mkeka, mimi kwenye kigoda. Vipunje vilipoguswa na maji vilianza kufunguka kwa mlio mdogo sana, na maji yakabaki maangavu mpaka ukaona ua lililochorwa chini ya kikombe. Hakukuwa na utando. Nilihesabu thelathini, nikamiminia vikombe viwili, kisha kabla ya kunywa nikakiinua kisahani nikakigeuza. Chini yake kulikuwa na matone, na harufu ilikuwa imekaa pale, kwenye matone, kuliko hata kwenye chai yenyewe. Nikampa bibi. Akafumba macho.

"Asumini," akasema. "Siyo ya asubuhi. Ya magharibi, ikishafunguka." Akanusa tena. "Na chini yake maziwa. Maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa na kuachwa yapoe."

Nilinusa nami, na safari hii niliisikia: kwanza maua, halafu kitu cha mafuta mafuta na utamu, halafu, kisahani kilipopoa, hindi bichi la kuchemsha likitolewa kwenye maganda yake. Sikuwa nimemwambia bibi lolote kuhusu maziwa. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Kim Tuyên ni jina la Kivietnam la mmea uliotoka Taiwan, uitwao Jin Xuan, uliotolewa na kituo cha utafiti wa chai cha huko mwaka 1981 kwa namba 12, na kwamba unasifika dunia nzima kwa harufu hiyo hiyo ya maziwa, bila kutiwa maziwa. Wanaofanya biashara wakati mwingine huongeza manukato ili harufu iwe kali, na hiyo huijua kwa sababu inakwisha kwenye mimino wa kwanza au wa pili. Ya kwetu haikwisha.

Mimino wa kwanza ulikuwa mwepesi, kama salamu. Wa pili ndio uliojaa. Kwenye ncha ya ulimi mna utamu mdogo, katikati mna uzito kama wa tui jepesi, na pembeni, karibu na magego, mna ukakasi. Neno hilo sikulitafuta, lilikuwepo. Mtu yeyote wa Mtwara na Lindi aliyekula bibo akiwa mtoto anaujua ukakasi: ulimi unakuwa kama umevishwa kitambaa, mashavu yanavutika ndani. Bibo bichi linakukaba mpaka ukohoe. Bibo lililoiva na kuanguka lenyewe alfajiri lina ukakasi uliotulia, unakuja nyuma ya utamu na kuondoka. Chai hii ilikuwa na ukakasi wa bibo la alfajiri. Na ulipoondoka, yaani nimeshameza, kikombe kiko chini, utamu ukarudi kutoka kooni, kama unapokunywa dafu kisha ukakaa kimya. Nilimtazama bibi. Naye alikuwa anamung'unya mate.

"Inarudi," nikasema.

"Inarudi," akasema. "Usinisemeshe."

Tulifikisha mimino saba. Kila mmoja niliuongezea muda kidogo, kutoka nusu dakika hadi kama dakika tatu kwa ule wa mwisho. Kwenye wa nne maua yalipungua, hindi likabaki. Kwenye wa sita palibaki utamu mtupu, kama maji yaliyolalia ndani ya kibuyu. Ndipo nikamuelewa mzee na glasi yake. Hakuwa anabana matumizi. Jani zima halitoi mali yake kwa mpigo kama lile lililokatwakatwa, linatoa kwa awamu, na anayemwaga baada ya kikombe kimoja ametupa sehemu kubwa ya alichopewa.

Tulipomaliza nilimwaga majani kwenye sinia lile lile la aina ninayotengea korosho, nikayakunjua kwa kidole. Vikonyo vilikuwa na majani mawili, matatu, mazima, laini kama ngozi ya mtoto. Na pembezoni, kweli, mlikuwa na mstari mwembamba wa kahawia nyekundu, umekatika hapa na kuendelea pale. Ndipo jani lilipogongana na mwenzake kwenye pipa la mianzi, kule Bảo Lộc, miezi kadhaa nyuma. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu. Nimezoea kusoma madoa ya kahawia kama hasara.

Wiki iliyofuata nilifanya kile ninachokijua, nikapima. Vikombe vitatu, gramu 3 kila kimoja, muda mmoja: maji ya kisima, maji ya chupa ya dukani, maji ya mvua. Nikampa bibi bila kumwambia kipi ni kipi. Cha kisima alikitoa mara moja, kwa kukitazama tu. Kati ya chupa na mvua alisita, akachagua cha mvua kwa harufu na cha chupa kwa uzito. Mimi nilikubaliana naye. Maji ya mvua yanaiachia harufu yote, lakini ukinywa vikombe vingi unaona kama chai haina mifupa. Maji ya chupa yenye madini kidogo yanaipa mwili. Siku hizi nachanganya, mvua sehemu tatu, chupa sehemu moja. Kwa asiyetaka usumbufu wote huo, maji ya chupa peke yake yanatosha kabisa, na mtu asikubali kuambiwa chai hii ni ya matajiri. Gramu 5 zinatunywesha watu wawili asubuhi nzima.

Kuna jambo jingine halikwenda vizuri, na linaniuma zaidi kuliko tangawizi. Katikati ya Januari nilirudi kazini kwa mizigo ya mwisho, nikaiacha pakiti imekunjwa mdomo tu, kwenye kabati la jikoni. Ndani ya kabati lile bibi alikuwa na ng'onda aliyoletewa kutoka Msimbati, imefungwa kwenye gazeti. Zikakaa pamoja wiki tatu, kwenye joto na unyevu wetu wa msimu wa mvua. Nilipoifungua, asumini ilikuwa imekwenda. Nilipoipika ilinuka samaki kwanza, majani baadaye. Jani lililokauka vile hunywa harufu na unyevu wa chochote kilicho karibu nalo, na oolong ya kijani, kwa kuwa haikuchomwa sana, ni miongoni mwa zilizo dhaifu zaidi. Msimu mzima nawaambia wakulima waanike vizuri, wasiweke magunia chini sakafuni, korosho yenye unyevu huota ukungu na kushuka daraja. Maneno hayo nayasema kila siku kwa sauti. Nyumbani kwangu nilishindwa kufunga pakiti. Zilikuwa zimebaki kama gramu 40, na bibi alikataa zitupwe. Alizipika na sukari na iliki kwa siku kadhaa, akazimaliza bila neno.

Kuna kitu kilibaki hata pakiti ilipokwisha. Chai yetu ya rangi niliiacha siku moja bila sukari, kwa maji mazuri, kwa dakika mbili badala ya kumi, nikakuta nayo ina maneno yake: ukali safi, kitu kama ganda la chungwa, na mwisho mkavu. Nilikuwa nimeinywa maisha yangu yote bila kukutana nayo. Sukari nimeirudisha, naipenda, lakini sasa natia kijiko kimoja nikijua nafunika nini. Na kazini nimeacha kunusa sampuli baada ya kushika maganda. Nanusa kwanza, mikono ikiwa misafi, ndipo nakata.

Oktoba hii mzee amerudi. Tulipomaliza sampuli za siku ya kwanza alinisogezea glasi bila kusema, akamimina. Nilikunywa, nikanyamaza, nikasubiri kooni. Aliponiona nimekaa kimya alicheka, akamwambia kitu mkalimani, naye akasema, "Anauliza, maji ulipata?"

Nikamwambia nimepata. Ameniachia pakiti mbili. Moja nimeihamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, iko chumbani kwa bibi, kwenye sanduku lake la kanga, ambako hakuna kinachonuka isipokuwa udi, na udi nao tumeutoa. Ya pili haijafunguliwa. Ndoo nimeisugua, kitambaa nimekifua. Jana usiku imenyesha mara ya kwanza, bati limeoshwa, na nimeiacha ipite.